Chambo Kilichosimama Katika Beseni



Ndugu vijana, katika ukurasa huu tumezoea kusoma tafakari zinazoanza na Injili na kuishia katika maisha. Leo naomba ruhusa nianzie mahali pengine, yaani katika beseni la maji, nyuma ya nyumba ya baba yangu mdogo, hapa Kalemie. Injili itakuja kwa wakati wake. Viongozi wetu wameniomba mara mbili niandike juu ya jambo lililonipata nilipokuwa mtunza hazina wa vijana wa parokia, na mara zote mbili nilikataa. Sasa nimekubali, lakini nimeona kwamba siwezi kulieleza bila kueleza kwanza habari ya vyambo.

Baba mdogo ni mvuvi wa mshipi. Ana mtumbwi mmoja, makasia mawili, na vidole vilivyojaa alama za nyuzi. Hana taa za kuvulia ndagala usiku, wala nyavu kubwa. Anamtafuta kuhe karibu na miamba, na pia mikebuka, ambaye wenzetu wa Burundi wanamwita mukeke. Samaki hao wote wawili hula samaki wadogo, kwa hiyo mvuvi wa mshipi hujitahidi kuwapa kitu kinachofanana na samaki mdogo. Mwaka mmoja ndugu yetu anayeishi ng'ambo alimletea vyambo kumi na viwili vya plastiki laini, vyenye mikia inayotikisika majini kama mikia ya samaki hai. Vilikuwa vizuri sana, lakini meno ya samaki hayana huruma. Baada ya miezi miwili kilibaki kimoja tu kilicho kizima. Vipande vya vile vingine baba mdogo hakuvitupa. Aliviweka katika kopo la maziwa, akasema, "Mwanangu, kilichotengenezwa kwa moto kinaweza kurudi motoni."

Ndivyo tulivyoanza. Tulinunua plasta kidogo, ile poda nyeupe ambayo mafundi hupambia dari, tukaikoroga na maji, tukalaza ndani yake kile chambo kizima, tukapata kalibu. Tuliianika juani siku nyingi. Mara ya kwanza sikuwa na subira, nikamimina plastiki ya moto katika kalibu ambayo bado ilikuwa na unyevu. Maji yaliyofichika yakageuka mvuke kwa ghafula, plastiki ikaruka, na hata leo nina alama kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. Nawaambia hili kwa sababu najua baadhi yenu watataka kujaribu. Fanyeni kazi hiyo nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa kopo ambalo halitapikiwa chakula kamwe, na juu ya mbabula wenye makala machache. Plastiki ikiyeyuka vizuri inakuwa nzito na laini kama asali. Moto ukizidi, inageuka rangi ya kahawia na kutoa moshi unaochoma koo, na moshi huo ni sumu.

Kutengeneza umbo hakukuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa kukifanya chambo kikae majini inavyotakiwa. Samaki mdogo aliye hai haelei juu kama jani, wala hadondoki chini kama jiwe. Anasimama katikati ya maji. Ndani ya mwili wake ana kibofu cha hewa, naye anakiongoza bila kufikiri, mpaka uzito wake na nguvu ya maji inayomsukuma juu vinalingana. Archimedes, yule mtaalamu wa Sirakusa aliyeishi zaidi ya miaka 2200 iliyopita, ndiye aliyetuachia kanuni hiyo: kitu kilichomo majini kinasukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. Kikiwa kizito kuliko maji hayo, kinazama, kikiwa chepesi, kinaelea, vikilingana, kinasimama.

Plastiki yetu peke yake ilikuwa karibu na uzito wa maji. Lakini chambo hakivui bila ndoano, na ndoano ni chuma. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1. Ya chuma cha ndoano inakaribia gramu 8. Kwa hiyo kila tulipochomeka ndoano, chambo kilienda chini kichwa kikitangulia. Wanaotaka chambo kizame haraka huchanganya chumvi iliyosagwa katika plastiki ikiwa bado ya moto, kwa kuwa chumvi ni nzito kuliko maji mara mbili na zaidi. Sisi tulijaribu, tukaona kwamba chumvi nyingi huifanya plastiki ipasuke upesi. Isitoshe, shida yetu ilikuwa kinyume cha hiyo. Tulihitaji wepesi.

Wepesi tuliupata katika kandambili iliyochakaa. Soli yake imejaa vitundu vidogo sana vya hewa vilivyofungwa, ndiyo maana inaelea. Baba mdogo alipasua tumbo la chambo kwa wembe, akaingiza humo kipande chembamba cha soli. Kilipotiwa katika beseni pamoja na ndoano, kikaruka juu kama kizibo. Akapunguza kipande. Kikaelea bado, lakini mkia ukiwa juu na kichwa chini. Akasogeza kipande karibu na kichwa. Kisha akachukua waya mwembamba wa shaba kutoka katika mota iliyoungua, akauzungusha kwenye shina la ndoano, akawa anaukata mzunguko mmoja mmoja na kuangalia. Jumamosi nzima ilipita hivyo. Kuelekea jioni chambo kikasimama katikati ya beseni, kimelala sawa, hakipandi wala hakishuki. Watoto wa jirani walikuja kukitazama. Nami nilijivuna kana kwamba nimeumba samaki.

Jumatatu, kabla ya jua kuchomoza, tukaenda ziwani. Ninyi mnaolijua Tanganyika mnajua asubuhi zake za utulivu, maji yanapokuwa meupe hata mtu anaona miamba iliyo mbali chini yake. Tulifunga jiwe mwishoni mwa mshipi, na chambo kwenye uzi mfupi juu kidogo ya jiwe, kwa kusudi kwamba kisimame na kucheza hapo. Kwenye kina cha metri tatu kilisimama vizuri. Tukasogea kwenye kina cha metri kumi. Tuliinama ukingoni mwa mtumbwi, tukakitazama kikishuka, na tukaona jambo ambalo hatukulitazamia. Kilipofika chini kililala kando ya jiwe kama kitu kilichokufa. Tukakivuta juu, tukakikagua. Hakikupasuka, wala hakikupoteza kitu. Tukakitia tena majini kando ya mtumbwi: kikasimama. Tukakirudisha chini: kikalala. Asubuhi ile ndoano yetu ilikamata miamba tu.

Baba mdogo hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Alikaa kimya kitambo, kisha akatoa mfukoni kipande cha soli kilichobaki, akakibana kwa vidole viwili mpaka kikawa kidogo. "Maji yanakibana hivi," akasema. "Huku juu hakuna anayekibana."

Alikuwa amesema kweli. Kila metri kumi tunazoshuka katika maji, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi kinachokaribia uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye metri kumi ni mara mbili ya ule wa juu. Hewa iliyofungwa katika vile vitundu inabanwa, kipande kinasinyaa, kinaondoa maji machache zaidi, na kile kilichokiinua chambo kinapungua. Lakini chuma hakisinyai. Kinabaki na uzito wake uleule. Basi chambo kilicholingana katika beseni hakilingani tena kilindini, ingawa hakuna aliyekigusa.

Nilisikia maneno yale nikiwa na siri moyoni, nayo yalinichoma.

Wakati huo nilikuwa mtunza hazina wa vijana wa parokia. Nilichaguliwa kwa kura nyingi. Watu walisema, na mimi niliwasikia wakisema, kwamba fedha zikiwa kwangu ni kama ziko katika tabernakulo. Katika mfuko wetu zilikuwamo franka 180,000, tulizokusanya kwa kuuza maandazi baada ya Misa na kwa kufyatua matofali wakati wa likizo, ili tuwasafirishe wenzetu kwenye siku za vijana wa jimbo. Kisha mama yangu akaugua, akafanyiwa upasuaji. Alipopona, hospitali ilikataa kumruhusu atoke kabla ya deni kulipwa. Siku kumi alilala pale akiwa mzima, na kila siku iliongeza deni. Siku ya kumi na moja nilichukua franka 120,000 katika mfuko wa vijana, nikamtoa mama.

Nilijiambia kwamba nimekopa. Lakini mtu anayekopa humwambia mwenye mali. Mimi niliandika katika daftari kwamba tumelipa amana ya kukodi viti na turubai. Rais wetu aliponiuliza habari ya viti hivyo, nilimjibu bila kusita, na nilishangaa jinsi uongo ule ulivyotoka kinywani mwangu kwa urahisi. Jumapili niliendelea kusoma somo la kwanza. Hakuna aliyenishuku. Katika beseni nilikuwa bado nimesimama.

Pale mtumbwini, baba mdogo akiwa bado ameshika kile kipande kati ya vidole vyake, nilimwambia yote. Hakunikemea. Alipiga kasia mara chache, akaniuliza, "Uliwaomba wenzako wakusaidie, wakakataa?"

Nikasema, "Hapana, baba. Sikuwaomba."

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu wakati ule. Jibu nilikuwa nalo usiku, nikiwa nimelala. Sikuwaomba kwa sababu nilikuwa mtu anayesifiwa, na mtu anayesifiwa haombi. Nilitaka kubaki yule ambaye fedha kwake ni kama ziko katika tabernakulo. Sifa zile zilikuwa hewa yangu. Zilinifanya nielee vizuri siku za kawaida, mikutanoni na katika kwaya, mahali ambapo hakuna kilichonibana. Shida iliponibana, zilisinyaa, na uzito niliokuwa nao tangu mwanzo, yaani kiburi changu na hofu ya aibu, ukabaki vilevile na kunivuta chini. Siku ile ya kumi na moja haikunifanya mwizi kwa ghafula. Ilionyesha tu nilivyokuwa nimetengenezwa.

Nilikwenda kwa padri, nikapokea sakramenti ya Kitubio. Padri alinipa matumaini, lakini aliniambia pia kwamba maondoleo hayanifungulii mlango wa kuwakwepa wenzangu, na kwamba kilichochukuliwa lazima kirudishwe. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya vijana thelathini na kitu, daftari mkononi, nikasema ukweli. Ningependa kuwaambia kwamba walinikumbatia. Wachache walifanya hivyo, baadaye. Siku ile wengi walinyamaza, na mmoja alitoka nje akibamiza mlango. Dada mmoja wa kwaya alilia, akasema neno ambalo sijalisahau: "Sisi tulikuwa shirika moja na mama yako. Tungekuja hospitalini sote. Ulitunyima nafasi ya kumsaidia." Kabla ya hapo nilidhani nimewaibia fedha tu.

Niliondolewa katika kazi ya hazina, na hiyo ilikuwa haki. Madhara yalibaki pia. Fedha zilizosalia hazikutosha, na vijana sita walibaki nyumbani wakati wenzao walipokwenda kwenye siku za jimbo. Mmoja wao ameshaolewa na kuhamia mbali. Nafasi ile haitarudi kwake. Nililipa deni kwa samaki, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi mitano. Mtunza hazina mpya aliandika kila malipo, na rais akatia sahihi kando yake.

Ndiyo, tulipata samaki, kwa maana tulirekebisha chambo. Mimi nilidhani dawa ni kuongeza kipande kikubwa zaidi cha soli. Baba mdogo alikataa. Alisema kwamba tukiongeza hewa, tunaongeza kile kinachobanwa. Kwanza alitafuta ndoano ndogo zaidi, yenye shina jembamba. Kisha akaondoa waya wote wa shaba. Chuma kilipopungua, kipande kidogo cha soli kilitosha. Mwisho akakiacha chambo chepesi kidogo kuliko inavyotakiwa katika beseni, hata kikawa kinapanda taratibu, ili kilindini kiwe sawasawa. Atakayekiona katika beseni atasema kina kasoro. Tulipokipeleka kwenye metri kumi, kilisimama juu ya jiwe, mkia ukitikisika kwa mkondo. Saa moja baadaye tulipandisha kuhe wa kwanza, mnene, na yeye ndiye aliyelipa sehemu ya kwanza ya deni langu.

Ndugu vijana, mnajua habari ya Mtakatifu Petro katika Injili ya Matayo, alipotoka chomboni usiku na kutembea juu ya maji. Yeye alikuwa mvuvi. Alijua vizuri kuliko sisi sote nini kinaelea na nini kinazama. Alipouona upepo aliogopa, akaanza kuzama. Zamani nilipoisoma habari hiyo nilitazama kushindwa kwake tu. Sasa natazama kwamba alipiga kelele. Aliomba wakati alipoanza kuzama, hakungoja afike chini, wala hakuona haya mbele ya wenzake waliokuwa wakimtazama kutoka chomboni. Na mkono wa Bwana ulikuwa karibu naye. Mimi sikupiga kelele. Ningeomba siku ya kwanza mama alipozuiliwa, ningekuwa bado na kitu cha kuficha, yaani umaskini wetu, lakini nisingekuwa mwizi.

Namkumbuka pia kijana wa nchi yetu, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alipewa fedha ili aruhusu mchele ulioharibika upite kwenda kuliwa na watu, akakataa, na mnamo Julai 2007 aliuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Simtaji ili nijilinganishe naye. Namtaja kwa sababu alibanwa kuliko nilivyobanwa mimi, na alichokuwa nacho ndani hakikusinyaa. Alikuwa mtu wa sala, na rafiki wa watoto wa barabarani wa mji wake, mahali ambapo hakuna anayepiga makofi. Nadhani mtu hujengwa mahali kama hapo, kabla siku ya mgandamizo haijafika.

Vijana wengi wananiambia, "Siku ikifika, nitakuwa imara." Nami nilisema hivyo. Leo naona ni afadhali kujiuliza ni chuma gani ninachobeba bila lazima: deni ninaloficha, jina ninalolilinda kuliko ukweli, urafiki unaonidai niseme uongo. Tukipunguza hayo, hatutahitaji sifa nyingi ili tusimame. Na katika kikundi chetu tumejifunza mambo matatu ya kawaida, ambayo nawaachia. Fedha za kikundi zinahesabiwa mbele ya wote kila mwezi. Hakuna franka inayotoka bila sahihi mbili. Na kila mkutano, kabla ya sala ya kufunga, tunauliza kama kuna aliye na shida nyumbani, na tunangoja kimya kwa muda wa kutosha, ili aliye na haya apate kusema.

Baba mdogo bado ana lile beseni. Siku hizi kila chambo kipya anakijaribu humo, lakini hakisifu. Anasema tu, "Tutakiona ziwani."

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Ni jambo gani linalonifanya nionekane imara siku za kawaida, ambalo huenda likasinyaa siku ya shida?

2. Je, katika kikundi chetu, mwenye shida anaweza kuomba msaada bila kupoteza heshima yake? Tumefanya nini ili iwe hivyo?

3. Kuna kitu ninachopaswa kurudisha, na kwa nani?

Tuombe. Ee Bwana, uliyemshika Petro mkono katikati ya mawimbi, tufundishe kukuita kabla hatujazama, na kuwaita ndugu zetu uliotupa. Utuondolee tunachobeba bila lazima. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.